Deni Letu kwa Panya

Washarika wengi wanaokuja ibadani Jumapili hubeba vitu vitatu mkobani: Biblia, kitabu cha nyimbo na karatasi ya Panadol yenye vidonge vilivyobaki. Hatusemi haya kwa dhihaka, maana na sisi tunaosimama madhabahuni tunavyo mfukoni. Mahubiri yakirefuka kichwa huuma, cha msikilizaji na cha mhubiri pia. Katika semina moja ya wazee wa kanisa, mzee mmoja alishika paji la uso, na kabla hajasema neno vidonge vilikuwa vimeshapita benchi zima kutoka mkono hadi mkono, kama kikapu cha sadaka. Akameza viwili kwa chai. Semina ikaendelea.

Wiki hiyohiyo, chuoni tunakofundisha, tulikuwa na kipindi cha maadili ya Kikristo, tukawasimulia wanafunzi kisa hicho. Mmoja wao, mwinjilisti wa miaka mingi aliyekuja kusomea uchungaji, akanyoosha mkono. "Mchungaji, hivyo vidonge nani alivimeza kwanza, siku zote za maisha yake, mpaka ikajulikana havituui?" Mwenzake akamjibu kabla yetu: "Panya." Darasa likacheka. Na sauti nyingine kutoka nyuma ikamalizia: "Ni panya tu, Mchungaji."

Tumeandika makala hii kulipinga neno hilo moja, "tu". Tunajua wapo watakaoona ni jambo dogo, na kwamba kanisa lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko wanyama wa maabara katika nchi za mbali. Lakini jambo ambalo kila nyumba ya Kikristo inashiriki, karibu kila wiki, kwa kinywa chake yenyewe, si dogo. Na kama hatulijui, basi ujinga wetu ndio sehemu ya kwanza ya deni.

Tuanze na kinachofanyika. Dawa ambayo mtu atatumia kwa muda mrefu, au kwa kurudiarudia maishani, haipimwi kwa siku chache. Panya huanza kupewa dawa akiwa na umri wa wiki chache tu na huendelea kupewa kila siku kwa miaka miwili. Panya wa maabara haishi zaidi ya hapo sana, kwa hiyo miaka miwili ni kusema uhai wake wote. Katika kila kundi huwekwa madume kama hamsini na majike kama hamsini: kundi lisilopewa dawa, kundi la kipimo kidogo, la kipimo cha kati, na la kipimo kikubwa. Kisha mara nyingi hurudiwa yaleyale kwa panya wadogo, wale wa jamii ya vipanya vya nyumbani. Mtu akijumlisha anapata mamia kadhaa ya wanyama kwa dawa moja. Mwishoni, wale waliobaki hai huuawa, na kila kiungo hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini: ini, figo, kibofu, ubongo, tumbo, mifupa. Kinachotafutwa ni saratani, na uharibifu unaokuja polepole.

Hapo pana jambo la ajabu kidogo. Panya huyu anapewa dawa ya maumivu ambayo hana. (Yapo majaribio mengine, ya kupima kama dawa inatuliza kweli, ambamo maumivu husababishwa makusudi ili yaonekane yakipungua. Hayo hatutayaeleza hapa, kwa kuwa kitabu hiki husomwa na watoto wa Kipaimara pia.)

Tuchukue parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya Panadol. Mwaka 1955 iliuzwa Marekani ikiwa dawa ya maji ya watoto, na mwaka uliofuata Uingereza. Watu wakaimeza kwa mamilioni. Mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa taarifa yake ya miaka miwili ya kuwalisha panya dawa hiyo mwaka 1993, yaani karibu miaka arobaini baadaye. Dawa ilichanganywa katika chakula chao, sehemu 600, 3,000 na 6,000 kwa kila milioni. Panya wadogo, dume kwa jike, hawakuonyesha dalili kwamba dawa inaleta saratani. Panya wakubwa madume vilevile. Kwa majike wa panya wakubwa ushahidi haukuwa wazi, kwa sababu ya saratani fulani ya damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliipitia parasetamoli tena mwaka 1999 na kuiacha katika kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kuviita visababishi vya saratani. Kwa lugha ya kawaida: meza kwa kipimo, usiogope.

Hiyo amani ya moyo tunayoimeza na maji, ya kumpa mtoto mwenye homa saa nane za usiku bila mikono kutetemeka, sehemu yake ilinunuliwa pale. Nani amewahi kuishukuru? Tunamshukuru Mungu kwa dawa, tunamshukuru daktari, tunamshukuru hata muuza duka aliyetukopesha. Aliyelishwa dawa tangu utoto hadi kufa tunasema ni panya tu.

Neno hilo halina mizizi katika Maandiko. Wanaolitumia hukimbilia Mwa 1:28, pale mwanadamu anapopewa kutawala. Lakini waendelee kusoma mstari mmoja au miwili. Katika sura hiyohiyo Mungu anawagawia chakula wanadamu na wanyama kwa pamoja, kama baba anayewakalisha watoto na watumishi kwenye mkeka mmoja. Baada ya gharika, agano halikufanywa na Nuhu peke yake. Wanyama waliotoka safinani wametajwa humo, tena zaidi ya mara moja (Mwa 9). Mithali inampima mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake (Mit 12:10). Na kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kumwuliza nabii mwenye hasira kama asiuhurumie mji ule wenye watu wengi, na neno la mwisho kabisa katika swali hilo ni wanyama. Mungu aliwahesabu ng'ombe wa Ninawi. Nabii hakuwahesabu, na ndiyo maana kitabu kinakwisha naye akiwa hana jibu.

Sisi Walutheri tuna shahidi wa karibu zaidi. Kila mtoto aliyepita Kipaimara amekariri maelezo ya Luther juu ya sehemu ya kwanza ya Imani. Anakiri kwamba Mungu amemwumba yeye, na papo hapo, kabla hajataja macho na masikio yake, anajiweka pamoja na viumbe vyote. Tunakariri hayo tukiwa na miaka kumi na minne, tunayasahau tukiwa na kumi na mitano.

Na sisi Watanzania tungepaswa kuwa wa mwisho kusema "panya tu". Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefunzwa kwa miaka mingi kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapo akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika moja la Uingereza. Ni kweli, panya buku si panya mweupe wa maabara. Lakini tulipoisikia habari ile redioni tulijivuna, tukasema ni panya wetu. Panya akitenda jambo tunaloliona, ana jina na nishani. Akitendwa jambo tusiloliona, hana hata hesabu.

Hapa tunageukia upande wa pili, maana tumeshapata wenzetu wanaodhani tuko pamoja nao. Wapo ndugu, wengine wa kanisa letu, wanaosema majaribio yote kwa wanyama ni uovu na yakome leo, na kwamba hayana faida yoyote kwa kuwa panya si mtu. Tunaheshimu machozi yao. Hoja yao hatuikubali, na sababu yetu haitoki mbali.

Mwaka 1906 na 1907 daktari Mjerumani Robert Koch, mtu mwenye jina kubwa katika historia ya tiba, alikuwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu kwa maelfu. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Vipimo vikaongezwa juu ya wagonjwa wenyewe, na wapo waliopofuka wasione tena. Kikomo cha dawa ile kilitafutwa katika macho ya watu wa ziwa letu. Hawakuwa wamesoma wala kutia sahihi chochote.

Kwa hiyo mtu akituambia tumwondoe panya kwenye foleni leo hii, kabla hakijapatikana cha kushika nafasi yake, tunamwuliza: nyuma ya panya amesimama nani? Historia imeshajibu. Ni Mwafrika, mfungwa, yatima, na mgonjwa asiye na ndugu. Baada ya vita, madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio walihukumiwa Nuremberg, na mwaka 1947 mahakama ile iliweka masharti ya kuwafanyia watu majaribio. Mojawapo ni kwamba jaribio litanguliwe na matokeo ya wanyama. Na tukumbuke, serikali ileile ya Kinazi ilikuwa imetunga sheria ya kuwalinda wanyama mwaka 1933. Inawezekana kabisa mtu kumhurumia mbwa na kumchoma mwenzake. Huruma isiyo na mpangilio haijawahi kumwokoa jirani.

Wala si kweli kwamba kupima kwa muda mrefu hakuna faida. Kabla ya parasetamoli kulikuwa na fenasetini, ndugu yake wa damu, maana mwili huigeuza fenasetini kuwa parasetamoli. Iliingia sokoni mwaka 1887, zama ambazo hakuna aliyedai panya alishwe dawa miaka miwili. Watu waliimeza kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1953 madaktari wa Uswisi wakaandika kwamba watu wanaotumia vidonge vya maumivu kupita kiasi walikuwa wanaharibikiwa figo. Baadaye ikaonekana na saratani za njia ya mkojo. Panya walipokuja kulishwa fenasetini kwa muda mrefu, nao wakapata uvimbe. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1983. Karibu miaka mia moja, na waliokuwa wakifanyiwa jaribio ni wateja waliolipia kwa fedha zao.

Basi tuko wapi? Tuko mahali ambapo Mlutheri hapaswi kushangaa kujikuta: hakuna mlango ambao mtu atatokea akiwa na mikono safi. Panya akilishwa dawa, tumemtwika mzigo asiouchagua. Asipolishwa, mzigo huohuo utawekwa juu ya mtu, na tunamjua mtu huyo anavyofanana. Mtu anayetafuta njia ya kujihesabia haki hapa, iwe kwa kusema "panya tu" au kwa kusema "sisi hatuhusiki", amesahau alichokiri Jumapili asubuhi kabla ya kutamkiwa msamaha.

Ipo njia ya tatu ya kujitakasa, nayo ndiyo inayotuudhi zaidi kwa sababu inavaa kanzu. Tuliwahi kuhudhuria ibada ya kuwaombea wagonjwa ambamo mhubiri alisema wanyama wa maabara ni sadaka inayotolewa kwa ajili ya afya zetu. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Sisi hatukuitikia, na tungependa kusema kwa nini.

Kwanza, sadaka ya namna hiyo ilikwisha Golgotha. Waraka kwa Waebrania umefanya kazi kubwa kutuonyesha kwamba ilitolewa mara moja ikatosha (Ebr 10). Hakuna damu nyingine inayomwagwa kwa ajili yetu yenye haki ya kuitwa hivyo, wala ya fahali wala ya panya. Pili, hata katika Agano la Kale, mtoaji alikuja na mnyama wake mwenyewe, wa zizi lake, asiye na ila, akaweka mkono juu ya kichwa chake (Law 1:4). Alihisi joto la kichwa kile. Aliyaona macho. Alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa. Sisi tumepungukiwa nini? Tumeweka mkono juu ya kichwa gani? Dawa inafika dukani kwenye karatasi inayong'aa, na bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Mnyama wetu hafanani na wa Walawi. Anafanana na yule mwanakondoo katika kisa ambacho Nathani alimsimulia Daudi (2 Sam 12): tajiri alikuwa na makundi yake, akachukua cha mwingine ili amkirimu mgeni. Tajiri yule angeweza kusema ametoa sadaka ya ukarimu. Nathani hakumruhusu. Neno la kweli kwa panya wa maabara ni kwamba tunamtumia. Tumwite hivyo bila kupamba. Na anayetumia mali ya Bwana ataitwa kutoa hesabu ya uwakili wake (Lk 16).

Hesabu yenyewe ikoje? Tunaona ina sehemu mbili, na ya kwanza inawahusu wenye maabara. Je, jaribio lilikuwa la lazima? Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichoweka kanuni tatu ambazo leo zinajulikana dunia nzima: badala ya mnyama tumia kitu kingine inapowezekana; isipowezekana tumia wanyama wachache kadiri itoshavyo; na hao wachache wapunguzie mateso. Waandishi wale hawakuwa wanahubiri, lakini mhubiri angeweza kuchukua kanuni hizo mimbarani bila kubadilisha chochote. Na mambo yamekuwa yakisogea. Mwaka 2022 mwongozo wa kimataifa wa kupima saratani kwa dawa ulirekebishwa, kwamba pale ushahidi mwingine unapotosha, jaribio la miaka miwili kwa panya laweza kuachwa. Mwisho wa mwaka huohuo Marekani ilibadili sheria yake, majaribio ya wanyama yasiwe tena sharti kabla ya dawa mpya kujaribiwa kwa watu, ikiwa njia nyingine zinafaa: seli za binadamu zilizokuzwa maabarani, hesabu za kompyuta, na kadhalika. Dawa ya kunakili, ile inayotengenezwa na kiwanda kingine baada ya hati miliki kwisha, nayo haitakiwi kurudia majaribio hayo yote ya wanyama. Haya ni mema. Kanisa lingepaswa kuyajua na kuyaunga mkono kwa sauti, maana kumtesa kiumbe wa Mungu ili kujifunza jambo ambalo tayari linajulikana hakuna utetezi wowote.

Tena panya hajui yote. Ini la panya mkubwa huhimili parasetamoli kuliko la panya mdogo. Paka humezeshwa kidonge kimoja akafa. Mwaka 1999 dawa ya maumivu iitwayo Vioxx iliruhusiwa Marekani ikiwa imepita kwenye wanyama kama desturi. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa duniani kote, kwa sababu jaribio refu la watu lilionyesha kwamba baada ya miezi kumi na minane hatari ya shambulio la moyo na kiharusi ilikuwa imepanda. Na diklofenaki, iliyopimwa kwa wanyama wa maabara na kutumika kwa watu na ng'ombe, ilikuwa sumu kali kwa tai. Huko India, Pakistani na Nepali ng'ombe walitibiwa nayo, wakafa, tai wakala mizoga, figo zikakoma kufanya kazi. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 2004, na wakati huo aina fulani za tai zilikuwa zimetoweka karibu zote. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Dawa ya kuchukua nafasi yake, meloksikamu, ilibidi ipimwe kwanza kwa tai, na ndege waliotumika walikuwa tai wa Afrika, waliofugwa Afrika Kusini, wa aina ileile inayozunguka juu ya Serengeti. Walipewa dawa ili ndugu zao wa Asia wapone. Hakuna aliyepanga tai wawe ndani ya hesabu. Walikuwemo tangu mwanzo.

Sehemu ya pili ya hesabu inatuhusu sisi, na hapa hatutazungumza kwa upole. Panya ametoa maisha yake yote, na watu wengi wameumia, ili yajulikane mambo machache kuhusu vidonge hivi. Mambo hayo yameandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mtu mzima asizidishe gramu nne za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe apunguze kwa ushauri wa daktari. Diklofenaki na ndugu zake hutoboa tumbo, huchosha figo, na tangu mwaka 2013 wadhibiti wa Ulaya wameonya isitumiwe na wenye magonjwa makubwa ya moyo. Mama mjamzito aliyefika wiki ya ishirini asizitumie bila daktari, kwa ajili ya figo za mtoto. Tunaisoma nani? Karatasi ile tunafungia karanga.

Tulimzika mzee mmoja wa usharika, mtu wa kwaya, sauti ya besi ambayo hadi leo haijapata mrithi. Magoti yalimsumbua. Kwa miaka alikuwa akinunua diklofenaki dukani, viwili asubuhi, viwili jioni, siku ya baridi anaongeza. Hakuna aliyemwuliza kitu, wala muuza duka, wala sisi wachungaji wake tuliomtembelea na kuviona vidonge pembeni ya taa. Alitapika damu usiku wa Alhamisi. Daktari alituambia ni kidonda cha tumbo, na akatuuliza alikuwa anatumia dawa gani. Tulipomjibu, aliinamisha kichwa. Kila alichotaka kutuambia kilikuwa kimejulikana kwa miaka mingi, na wanyama walikuwa wameshakufa ili kijulikane. Kaburini tulisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Hatukusema uongo, lakini hatukusema yote.

Ndiyo maana tunasema kosa letu kubwa si kwamba panya hutumika. Kosa letu ni kuupoteza ujuzi ambao uhai wake ulilipia. Mtu akichinja ng'ombe wa jirani kwa njaa, kesi yake inasikilizika. Akimchinja kisha akaiacha nyama ioze, atasema nini?

Tunayotaka yafanyike usharikani hayahitaji fedha za wafadhili. Nesi aliyestaafu yupo karibu kila mtaa wa kanisa. Apewe robo saa katika kikao cha jumuiya kuwasomea watu karatasi ya boksi, kwa Kiswahili, polepole. Wachungaji na wainjilisti wanaotembelea wazee waulize vidonge vilivyo pembeni ya taa ni vya nini na ni vingapi kwa siku. Vidonge visipitishwe kwenye benchi kwa mtu ambaye hatujui figo zake zikoje. Wanafunzi wetu wa theolojia wasome, pamoja na Mwa 1:28, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya nchi yetu ya mwaka 2008, ambayo wengi wao hawajui kama ipo. Na vijana wetu walioko vyuo vikuu wakisomea famasia na tiba ya mifugo waambiwe kwamba kutafuta njia isiyohitaji panya ni wito, sawasawa na wito wa anayekuja kwetu kusomea uchungaji.

Tuliomba pia jambo moja dogo. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, tunapomshukuru Mungu kwa mahindi, ndizi na kuku waliofungwa miguu pale mbele ya madhabahu, katika maombi ya kanisa zima iongezwe sentensi moja kwa ajili ya wanyama ambao dawa zetu zimepitia miilini mwao. Ombi hilo tumelipeleka kwenye baraza la wazee mara mbili. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alisema lijadiliwe kikao kijacho, na mzee mmoja, yule aliyekuwa ameumwa kichwa siku ya semina, akaomba nakala ya sentensi yenyewe aende nayo nyumbani.